Dakika Kumi na Mbili za Shemeji

Tarehe 3 Machi

Kabla ya yote niandike kwamba mimi si mtu wa kushuku watu. Daftari hili nimelinunua kwa sababu mambo ya kazini ni mengi na kichwa kimeanza kusahau, na kwa sababu sukari ya ofisini inaisha upesi mno. Watu watatu hawawezi kumaliza kopo lile kwa wiki moja kwa chai tu. Nimelitia kopo alama ya kalamu ubavuni. Tutaona.

Mvua bado. Mawingu yanakusanyika mchana kama wageni wasiosema walichofuata, ikifika jioni yanatawanyika.

Tarehe 4 Machi

Jana sikueleza kazi yangu. Mimi ni karani wa redio katika kiwanja kidogo cha ndege: njia moja ya kurukia, ukumbi wa abiria wenye viti ishirini na viwili (vinne vibovu), tangi la mafuta, na chumba changu chenye dirisha linalotazama yote hayo. Huku ni kiwanja cha chini. Kule milimani ndege inakokwenda tunakuita juu. Kati yetu na juu ni kilomita mia moja tisini na sita kwa mstari ulionyooka, na ndege yetu ya abiria kumi na wawili huzimaliza kwa dakika arobaini na tano. Inaondoka saa mbili asubuhi, inarudi saa sita mchana. Ikitua kule, karani mwenzangu ananipigia simu kusema imefika. Sura yake siijui. Ni mama mwenye kikohozi na pupa, nami nimempa jina la Bi Haraka.

Rubani ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa pekee, ambaye nilimlea mwenyewe baada ya baba yetu kufariki. Simchukii shemeji. Niseme tu kwamba damu zetu zilikataa kuelewana tangu siku aliyokuja kuposa. Alicheka mno, na mtu anayecheka mno mbele ya wakwe ana lake jambo.

Tarehe 7 Machi

Safari ya kawaida. Mvua ya kwanza huko milimani, kwetu vumbi tu. Alama ya kopo imeachwa juu kidole kizima.

Tarehe 8 Machi

Simu ya Bi Haraka imechelewa. Kwa kawaida ikilia nakuta chai yangu ina uvuguvugu wa kunyweka. Leo ilikuwa imepoa kabisa na maziwa yamefanya ngozi juu. Nikatazama saa: dakika hamsini na sita tangu ndege ipae. Nikamwuliza mama kuna nini.

"Kuna nini wapi? Amefika, abiria wanashuka, na mimi nina watu hapa." Akakata.

Kwenye kitabu cha safari imeandikwa 45. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshaiandika tangu Jumatatu. Kila Jumatatu asubuhi najaza safu ya muda ya wiki nzima, 45 mpaka chini, kisha siku kwa siku natia sahihi. Niliyemrithi kiti hiki ndivyo alivyonifundisha. Makao makuu wakiona tarakimu ngeni wanaandika barua, na barua inataka majibu kwa nakala tatu. Bi Haraka anafanya hivyo hivyo kule kwake. Kwa hiyo kwa mujibu wa vitabu viwili vya serikali, ndege yetu haijapata kuwahi wala kuchelewa tangu mimi nianze kazi.

Tarehe 12 Machi

Hamsini na saba kwenda. Hamsini na sita kurudi.

Tarehe 13 Machi

Hamsini na saba. Hamsini na saba.

Tarehe 14 Machi

Nilimngoja shemeji mlangoni aliposhuka. Nikamwambia kwa utani, kama tunavyotaniana siku zote, "Shem, siku hizi ndege yako inasimama njiani kuchota maji?"

"Upepo wa mbele, shemeji. Si unaona hali ya hewa?"

"Upepo wa mbele wa kwenda au wa kurudi?"

Akanitazama kidogo. "Pande zote mbili. Upepo wa siku hizi hauna adabu."

Akacheka, akaenda zake na begi lake. Mimi si rubani, lakini najua upepo ukikupiga usoni kwenda utakusukuma mgongoni kurudi. Hakuna upepo unaomchukia mtu pande zote mbili. Huyu ananipiga chenga.

Tarehe 18 Machi

Mvua sasa imeshuka mpaka kwetu. Paa la ukumbi linavuja juu ya vile viti vinne vibovu, angalau hilo limejipanga vizuri.

Nimeona jambo. Asubuhi shemeji alipanda ndege na shati lenye mstari mwembamba mfukoni. Mchana alishuka na shati lisilo na mstari. Yote meupe, na mtu asiye makini asingeona.

Tarehe 19 Machi

Amekwenda na shati la kola ngumu, amerudi na la kola laini.

Tarehe 20 Machi

Mashati mawili tena. Mtu anavua shati wapi kati ya viwanja viwili vya ndege?

Tarehe 22 Machi

Mwalimu mmoja wa kike aliyekuja na ndege ya mchana alikuwa akingoja mizigo yake, nikamwuliza safari ilikuwaje. Akasema nzuri, na kwamba alipenda kuitazama reli kutoka juu, imejipinda kama mshono. Nikamkaribisha kiti (kizima) nikamwomba aeleze vizuri. Akasema waliifuata reli karibu njia nzima.

Reli haipo kwenye njia ya ndege. Ramani ninayo ukutani. Mstari ulionyooka unapita katikati ya milima miwili, mahali marubani wanapaita mlangoni. Reli inaikwepa milima yote kwa upande wa mashariki. Nimepima kwa rula na uzi: ukifuata reli ni kilomita mia mbili arobaini na nane, na kwa mwendo wa ndege ile ni dakika hamsini na saba kamili. Na pale kwenye kona kubwa ya reli pana nini? Pana shamba kubwa la zamani lenye kiwanja chake cha ndege, kilichofutwa kwenye vitabu miaka mingi iliyopita.

Nilikaa nikaitazama ile kona mpaka macho yakauma. Kuna mtu pale. Siku za abiria anampitia juu tu ampungie mkono. Siku za mizigo tu, Jumanne na Jumamosi, anatua. Ndiko yaliko mashati.

Tarehe 26 Machi

Jumanne. Hamsini na saba, sawasawa na siku za abiria. Anatua upesi sana.

Tarehe 30 Machi

Mzee wa Mafuta amenijia na kijiti chake cha kupimia mkononi. Ni mtu wa taratibu. Hupima tangi mara mbili na kuitamka namba kwa sauti hata akiwa peke yake. Kule juu hakuna mafuta, kwa hiyo yeye humjazia shemeji hapa ya dakika mia moja thelathini na tano: arobaini na tano za kwenda, arobaini na tano za kurudi, arobaini na tano za dharura.

"Karani," akasema, "ile ndege siku hizi inarudi na kiu. Yalikuwa yanabaki ya dakika arobaini na tano. Sasa yanabaki ya ishirini na moja, na mimi najaza vilevile."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia niongeze. Akasema tukiongeza lazima tujaze fomu, tuandike sababu, na abiria mmoja abaki. Akasema tuvumilie mvua zipite. Mimi nikaona nije kwako, wewe una kitabu."

Sababu. Hapo nikaelewa. Hawezi kuongeza mafuta kwa kuwa hawezi kuandika sababu, na sababu amevaa gauni. Nikamwambia mzee aniachie mimi, nitalishughulikia. Akashukuru. Sikuandika barua wala kumwambia mkuu wa kiwanja. Nikishaandika barua shemeji atajua nimejua, na mimi nataka nimkamate mkono ukiwa chunguni.

Tarehe 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. 58, 57. Sukari: nilihesabu leo kwa uangalifu. Ni mimi. Vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitano kwa siku. Sikujua natumia vyote hivyo. Nimefuta alama.

Tarehe 7 Aprili

Jumapili, na wiki hii zamu ya mapumziko ni yangu. Nimekwenda kwenye lile shamba. Mwendo wa saa tatu kwa basi, kisha pikipiki kwenye matope, nikaanguka mara mbili. Suruali yangu ya heshima haitamaniki. Kile kiwanja kipo. Nyasi zimefyekwa upande wa reli, mita mia sita hivi, kwa sababu mlinzi wa shamba anauza majani ya mifugo. Upande wa mwisho pana kichuguu kirefu kuliko mimi, na kulia maji yametuama. Nikakitembea chote hatua kwa hatua nikitafuta alama za magurudumu.

Mlinzi ni mtu mpole anayeishi kibandani na mkewe, wote wazee. Nikamwuliza juu ya ndege.

"Inapita kila siku, asubuhi na mchana. Chini chini, tunaisalimia."

"Inatua lini na lini?"

"Kutua? Hapa? Haijatua tangu niwe na meno yote."

"Hakuna binti yeyote anayekuja kuingoja? Mjane, mwalimu, mwuguzi?"

Akamtazama mkewe, mkewe akanitazama mimi. "Bwana, wewe umepoteza mtu?"

Nimemwachia namba yangu ya simu, nikachukua yake, nikamwomba anipigie siku ile ndege ikitua. Akaahidi. Lakini alijibu upesi mno na kwa utulivu mno. Amelishwa maneno.

Tarehe 8 Aprili

Mafua.

Tarehe 14 Aprili

Nimemwambia mdogo wangu. Sikupanga. Alikuja kuniletea dawa ya kikohozi, akakaa kwenye kiti cha jikoni akilalamika kwamba siku hizi anafua mashati mawili kila siku, na mume wake anasema ni joto. Joto gani milimani msimu wa mvua? Nikaona siwezi kunyamaza mdogo wangu akiwa anafanywa mjinga. Nikamfungulia yote: dakika, reli, mwalimu, mafuta, shamba.

Hakulia. Alikunja pindo la kanga yake. "Kaka, umemwuliza?"

"Nimemwuliza, akaniambia upepo."

"Hapana, umemwuliza vizuri?"

Nikamwambia mwizi haulizwi vizuri. Basi akasema kuna kitu kweli, maana hali chakula cha asubuhi tena, na usiku anajigeuzageuza. Nikasema si unaona. Alipoondoka macho yake yalikuwa makavu na magumu. Niandike kwamba nilijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe, miaka sita sasa, mdogo wangu kuwa upande wangu.

Tarehe 17 Aprili

57, 58.

Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu amenipigia. Anataka kupanda ndege ya keshokutwa bila kumwambia mumewe, akae nyuma yake, aone mwenyewe anamtazama nani huko chini. Nimemkatia tiketi mimi. Kiti cha mbele, upande wa dirisha.

Tarehe 21 Aprili

Nikilala bila kuandika nitaanza kesho kujidanganya.

Ndege ilipaa saa mbili na dakika tano. Abiria wanane, na wa tisa mdogo wangu, kajifunga kilemba cha kijani. Shemeji alishtuka alipomwona. Nilikuwa dirishani, niliona uso wake. Nikafurahi.

Saa tatu na dakika nne Bi Haraka hakupiga kusema amefika. Alipiga kusema mvua imewafunga, njia haionekani, amemwambia rubani azunguke juu kidogo, inapita. Dakika hamsini na tisa tangu apae. Nikaandika humu pembeni 59, kwa penseli, kama mshona nguo anayepima.

Dakika kumi. Bi Haraka akasema bado kidogo. Dakika ishirini. Bado kidogo. Ilipofika nusu saa redio yangu ikalia, sauti ya shemeji, na haikuwa na kicheko hata chembe.

"Chini, nina mafuta ya dakika arobaini na sita."

Bi Haraka alikuwa kwenye simu sikio la pili, naye alimsikia kwa redio yake. "Haiwezekani," akasema. "Arobaini na tano za kuja, thelathini za kuzunguka, sabini na tano. Ana saa nzima bado. Geji yake mbovu. Mwambie asubiri robo saa nyingine, mawingu yameanza kupasuka."

Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa kitabu chake na kwa kitabu changu. Watu wazima wawili, mmoja chini na mmoja juu, tumeandika arobaini na tano kila siku, na sasa ile arobaini na tano tuliyoiandika bila kutazama saa ilikuwa inataka kuwaua watu.

"Mama," nikasema, "geji ni nzima. Leo ametumia hamsini na tisa kuja. Siku zote anatumia hamsini na saba."

"Kitabu chako kinasema nini?"

"Kitabu changu kinasema uongo. Na chako."

Akakohoa. Safari hii hakukata simu.

Nikamwuliza shemeji kama anaweza kurudi kwa njia iliyonyooka. Arobaini na tano, angebakiwa na moja. Akajibu: "Mlangoni siwezi kupita. Siwezi, shemeji." Na kwa reli asingefika.

"Kile kiwanja cha shamba," akasema, "kwenye kona. Nakiona kila siku lakini sijui chini pakoje."

Mimi nilijua chini pakoje. Nilikuwa nimekitembea chote hatua kwa hatua nikimtafutia dhambi.

"Sikiliza. Ingia kutoka upande wa reli. Nyasi zimefyekwa mita mia sita. Kaa kushoto, kulia kuna maji. Mbele kuna kichuguu kirefu, usikifikie."

"Umejuaje?"

"Nilikwenda."

"Ulikwenda kufanya nini huko?"

"Utue kwanza. Nitakuambia."

Nikampigia mlinzi. Alipokea baada ya milio sita, na kila mlio nilikuwa naapa kuacha jambo fulani maishani. Nikamwambia aondoe mifugo kwenye kiwanja, awashe moto wa majani mabichi moshi uonyeshe upepo.

"Ni ile ndege uliyokuwa ukiiulizia?"

"Ndiyo hiyo."

"Leo inatua?"

"Leo inatua, mzee wangu."

Tangu hapo mpaka simu ilipolia ni dakika ishirini na sita. Nimehesabu dakika maisha yangu yote ya kazi, na zile sizijui zilipitaje. Mzee wa Mafuta aliingia, akasimama nyuma ya kiti changu na kijiti chake. Redio ilikatika ndege iliposhuka nyuma ya vilima. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikumbuki hata moja, isipokuwa niliomba awe na mwanamke pale. Wawili, watatu, wote wawe pale wamsaidie.

Simu. "Imekuja," mlinzi akasema, akihema. "Gurudumu la mbele limevunjika, imelalia pua. Watu wanashuka. Subiri niwahesabu." Akawahesabu kwa sauti, polepole, akakosea saba, akaanza upya. Tisa, na rubani kumi.

"Kuna mama mwenye kilemba cha kijani?"

"Yupo. Kidevu kina damu kidogo. Rubani amekaa chini kwenye majani, na huyo mama amemshika kichwa."

Tarehe 23 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwao. Mdogo wangu ameshonwa kidevu nyuzi tatu. Shemeji alikuwa amelala, au anajifanya. Tulikaa kibarazani, mvua ikinyesha ya kawaida tu, na mdogo wangu akaniambia alichokiona.

"Nilikuwa nyuma yake, kaka. Nilikwenda kutazama anamtazama nani. Hakutazama chini hata mara moja. Anatazama mawingu. Wingu likisogea, mikono inamtetemeka mpaka anaikalia mmoja mmoja. Shati limemganda mgongoni kama ametoka mtoni. Ndilo shati analobadilisha kule juu, anaona haya kushuka nalo."

Kisha akanieleza alichoambiwa na mumewe kwenye yale majani. Tarehe saba mwezi wa tatu, kati ya ile milima miwili, wingu lilifunga ghafla. Alipotoka humo, mlima ulikuwa ubavuni karibu hivi kwamba alimwona mtu anayekata kuni akiinua uso, akaona na pengo la jino lake. Abiria walikuwa wamelala. Hakuna aliyejua. Tangu siku hiyo hajaweza kupita pale. Akimwambia mkuu atasimamishwa, akimwambia mke atamtia hofu, na akiniambia mimi, alisema, mimi nitafurahi.

Nimerudi nyumbani nikafungua ukurasa wa tarehe saba. Nimeandika safari ya kawaida.

Tarehe 27 Aprili

Wachunguzi wawili wamefika. Walitaka kitabu cha safari, mkuu wa kiwanja akawapa kwa mikono miwili. "Kitabu kiko safi," alininong'oneza koridoni, "kitatuokoa."

Kitabu kinasema dakika arobaini na tano kila siku, pamoja na tarehe ishirini na moja, kwa mwandiko wangu. Cha juu kinasema hivyo hivyo. Bi Haraka hajakigusa. Rubani amewaambia kwamba alizunguka kwa reli, lakini mchunguzi mrefu akacheka kidogo: rubani huyu, alisema, ana moyo mzuri, anataka kumfichia mtu. Ikiwa ndege ilitumia arobaini na tano na mafuta hayakutosha, basi mafuta hayakujazwa. Wakamwita Mzee wa Mafuta.

Walimwuliza mbele yetu sote. Kwa nini unapima mara mbili? Una wasiwasi gani? Kwa nini kijiti ni cha kwako mwenyewe? Mzee akajibu kila swali kwa utulivu, na kila alipojibu kwa utulivu yule mchunguzi aliandika. Alimtazama mzee kwa jicho la pembeni, kama anayejua tayari na anangoja tu mwenzake ajikwae. Nililitambua lile jicho. Ndilo nililokuwa nalo dirishani tangu mwezi wa tatu.

Mzee akasema, "Niliripoti. Nilimwambia karani." Akanigeukia bila chuki, kwa imani tu, akingoja niseme. Na mimi nikasema nitatazama kumbukumbu zangu.

Nimeandika hivyo ili nijue nilisema hivyo.

Tarehe 28 Aprili

Nimempelekea mdogo wangu daftari hili. Nilitaka anisaidie kuchagua kurasa: zile za dakika na za mafuta niwape wachunguzi, hizi nyingine nizichane. Akalisoma lote mezani, mimi nikiwa nimekaa mbele yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Shemeji alikuwa dirishani. Mdogo wangu alipofika kwenye mashati aliacha kusoma kidogo. Alipofika kwenye tarehe kumi na nne ya mwezi huu, pale nilipoandika kwamba nilijisikia vizuri, aliinua uso.

"Ulijisikia vizuri."

"Ndiyo."

"Kaka, wewe ulitaka awe na mwanamke."

Nikasema ndiyo. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilitaka awe mbaya, ili yule mtoto niliyemlea arudi nyumbani kwangu aniambie nilikuwa sahihi. Nikamwambia nimekukosea, na mume wako nimemkosea zaidi. Shemeji hakugeuka kutoka dirishani, lakini alisema, "Na mimi ningeweza kukwambia, shem. Siku ile ya upepo nilikaribia kabisa. Ukaniuliza kama askari." Halafu akaongeza kwamba tukitoa daftari hili yeye hataruka tena. "Najua hilo. Lipeleke."

Nikauliza kuhusu zile kurasa nyingine. Mdogo wangu akalifunga, akanirudishia.

"Usichane hata moja. Mzee yule anaweza kufungwa. Wakisoma nusu watadhani umezitunga."

Tarehe 29 Aprili

Nje ya ofisi ya wachunguzi, kwenye benchi. Mzee wa Mafuta yuko ndani kwa mara ya pili tangu asubuhi. Sauti yake inasikika ikitamka namba zilezile, taratibu, mara mbili mbili. Shemeji amekaa pembeni yangu amevaa shati lenye mstari mfukoni. Ameniuliza kama nimekunywa chai, nikasema bado, naye bado.

Mlango umefunguliwa. Wamemtoa mzee, amesimama kando akijifuta miwani kwa pindo la shati, na yule mrefu anauliza nani anafuata. Shemeji amesimama. Nimemshika mkono nikamkalisha. Naanza mimi.